Famasi Inayosoma Cheti kwa Sauti: Tathmini ya Huduma

Famasi ninayoitathmini iko kando ya barabara kuu jijini Dar es Salaam, karibu na kituo cha daladala, na jina lake naliacha kwa makusudi kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema si ya kuwapendeza. Nimekuwa mteja wao kwa muda mrefu: hapo ndipo ninapomnunulia mama yangu dawa za presha na za sukari, na wajukuu zake wakipatwa na homa au kuhara, hapo hapo ndipo tunapokimbilia. Sitapima sana bei wala wingi wa dawa rafuni. Ninachokipima ni jambo ambalo wauzaji wengi hulichukulia kuwa ni hisani kwa mteja, nalo ni namna mtoa dawa anavyokigeuza cheti cha daktari kuwa maelekezo ambayo mtu anaweza kuyafuata nyumbani.

Kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu cheti huandikwa na mtaalamu kwa ajili ya mtaalamu mwenzake. Vifupisho vyake vingi ni mabaki ya Kilatini: BD ni mara mbili kwa siku, TDS ni mara tatu, QID ni mara nne, PRN ni pale tu inapohitajika, STAT ni papo hapo, nocte ni usiku, na herufi ac na pc husimama badala ya kabla na baada ya chakula. Muda wa dozi nao huandikwa kwa mkwaju: 5/7 ni siku tano, saba ikisimamia siku za juma, 2/52 ni wiki mbili, 52 ikisimamia wiki za mwaka, na 3/12 ni miezi mitatu. Mtu asiyeelezwa anaweza kuiona 5/7 akadhani ni tarehe tano ya mwezi wa saba, na kwa kuwa tarehe ya kurudi kliniki mara nyingi huandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo, hakuna wa kumlaumu kwa dhana hiyo.

Famasi hii ina utaratibu ambao sijauona kwingine ukifuatwa kwa uthabiti wa namna hiyo. Mtoa dawa haanzi kwa kukata vidonge. Hukiweka cheti juu ya meza ya dirishani, akakielekeza upande wa mteja, kisha akasoma mstari baada ya mstari huku kidole chake kikifuata maandishi, ili mteja aone kwamba ule mchirizi uliofanana na nyoka ndio jina la dawa na zile herufi mbili za mwisho ndizo idadi ya mara. Akimaliza kusoma huleta dawa, huweka kila moja mbele ya mstari wake, na hapo ndipo huja sehemu ninayoithamini kuliko zote: humtaka mteja arudie mwenyewe. Nilimpeleka mama yangu, ambaye macho yake hayamruhusu tena kusoma, na mazungumzo yalikuwa hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hii ya sukari daktari ameandika BD, kwa hiyo unameza kimoja asubuhi na kimoja jioni, ukiwa umekula. Hii ya presha ni kimoja tu kwa siku. Sasa nieleze wewe, ukifika nyumbani utazimezaje?"

"Ya sukari asubuhi na jioni nikishakula. Ya presha mara moja."

"Hiyo mara moja ni saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Basi iwe asubuhi siku zote, mama. Usije ukameza leo asubuhi, kesho usiku."

Swali lile la saa ngapi ndilo linalotenganisha kusoma cheti na kukieleza. Mteja aliyejibu kwamba ameelewa huwa hajathibitisha lolote. Aliyerudia kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa kubabaika, amethibitisha. Utaratibu huu huchukua dakika chache tu, na kwa kuwa hawauruki hata kwa mteja anayeonekana msomi, hakuna anayeona kwamba amedharauliwa.

Bahasha ya dawa inastahili aya yake. Katika nchi yetu maelekezo mengi hufika nyumbani yakiwa yameandikwa 1x3 au 2x2 kwa kalamu ya wino juu ya bahasha ndogo, na wengi wetu tumekua tukiyaona hivyo tangu utotoni. Mazoea hayo yanaficha utata. Aliyeandika amekusudia kidonge kimoja mara tatu kwa siku, lakini hesabu yenyewe haisemi ni tarakimu ipi ya vidonge na ipi ya mara, na mtu aliyechoka au mgeni wa mtindo huo anaweza kumeza vitatu kwa mkupuo mmoja. Isitoshe, mara tatu kwa siku haitaji nafasi kati ya dozi moja na nyingine. Kwa dawa kama amoksilini inayotakiwa kugawanywa takriban kila baada ya saa nane, mtu anayemeza asubuhi, mchana na alasiri anakaa usiku mzima bila dawa. Watoa dawa wa famasi hii hawaandiki "kila saa 8", na wana sababu ya msingi kabisa: kwa msomaji wa Kiswahili saa nane ni saa nane ya mchana, na maelekezo hayo yanaweza kumfanya anywe dawa mara moja kwa siku, kila siku ifikapo saa nane. Wao huandika saa zenyewe, yaani saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, na kama mteja ana zamu za kazi za usiku humuuliza kwanza analala lini kabla ya kuzipanga.

Mfano unaoonyesha ubora wao zaidi ni dawa ya mseto ya malaria, ALu. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi dozi ni vidonge vinne kwa wakati mmoja, mara sita, jumla vidonge 24 ndani ya siku tatu. Kwenye cheti hili huandikwa kwa ufupi kama 4x2, siku tatu, na hapo ndipo habari ya maana zaidi inapopotea, kwa kuwa dozi ya pili haingoji jioni ya kawaida; inatakiwa saa nane baada ya ile ya kwanza, ndipo siku mbili zinazofuata mtu ameze asubuhi na jioni. Mteja aliyemeza ya kwanza saa 6 mchana anapaswa kumeza ya pili saa 2 usiku. Mtoa dawa aliyenihudumia aliuliza dozi ya kwanza itamezwa lini, akahesabu, akaandika saa ya dozi ya pili kwenye pakiti yenyewe, kisha akaongeza jambo ambalo cheti hakikulitaja, kwamba dawa hii hufyonzwa vizuri zaidi ikiandamana na chakula chenye mafuta au maziwa. Nimewahi kununua mseto mahali ambapo pakiti ilisukumwa dirishani na neno moja tu, "nne nne".

Sasa kasoro, na ya kwanza ni mashine yao. Mwaka jana walianza kutumia kompyuta inayochapa lebo za kubandika, na nilipoiona nilitarajia makubwa. Lebo ni safi, ina jina la mgonjwa, jina la dawa, nguvu yake na tarehe, lakini maelekezo yake ni yale yale ya cheti yaliyohamishwa kama yalivyo: kidonge kimoja, BD, PC, 5/7. Tena kila kinachozunguka vifupisho hivyo kimeandikwa kwa Kiingereza. Yaani wamelipia mtambo wa kumrudishia mgonjwa fumbo lile lile kwa maandishi yanayosomeka vizuri. Wahudumu wenyewe wanalijua hilo, maana baada ya kuibandika lebo huchukua kalamu na kuandika pembeni "asubuhi na jioni baada ya kula, siku 5", na maandishi hayo ya mkono ndiyo tunayoyategemea nyumbani. Nilimuuliza mfamasia kwa nini programu isichape Kiswahili, akasema ilinunuliwa ikiwa hivyo na kwamba wameomba ibadilishwe. Ni jibu la kweli, nadhani, ila halimsaidii mteja. Karatasi ya lebo nayo ni ya aina inayofifia kwa joto. Chupa iliyokaa jikoni karibu na jiko hubaki na karatasi nyeupe isiyo na neno.

Vifupisho hivi vina hatari hata kwa wanaovijua, na katika kuzishughulikia hatari hizo famasi hii inaaminika. OD ni mfano mzuri: kwenye vidonge ina maana ya mara moja kwa siku, lakini kwenye dawa ya macho ni jicho la kulia, wakati OS ni la kushoto na OU ni yote mawili. Jirani yangu alipeleka cheti cha matone ya macho kilichoandikwa OD bila maelezo mengine, na mfamasia, badala ya kubahatisha, alipiga simu kliniki kilikotoka cheti, akaambiwa ni mara moja kwa siku katika macho yote mawili. Bila simu hiyo jicho moja lisingetibiwa. Mambo ya namna hii si ya kwetu peke yetu. Nchini Marekani taasisi ya Joint Commission, inayokagua na kuidhinisha hospitali, ilitoa mwaka 2004 orodha ya vifupisho visivyotakiwa kutumika, na baadhi yake vinafundisha sana: herufi U ya kupimia insulini, ambayo ikiandikwa karibu na tarakimu husomeka kama sifuri na kuigeuza 10 kuwa 100, sifuri inayoachwa baada ya nukta, kwa kuwa 1.0 nukta yake ikififia huwa 10, na nukta isiyotanguliwa na sifuri, kwa kuwa .5 huwa 5. Mfamasia wa hapa huandika "yuniti" kwa ukamilifu kwenye insulini, na kwa dawa zinazopimwa kwa mikrogramu, kama levothairoksini ya tezi, huandika neno zima ili mtu asichanganye na miligramu, ambayo ni kubwa mara elfu moja.

Upande wa majina ya maradhi na vipimo huduma yao ni ya kujizuia, na mwanzoni iliniudhi. Watu wengi hufika dirishani na cheti chenye herufi ambazo daktari hakuzifafanua, wakataka mtoa dawa awafafanulie: HTN ni presha ya kupanda, DM ni kisukari, UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, PUD ni vidonda vya tumbo, FBP ni kipimo cha picha kamili ya damu, mRDT ni kile kipimo cha haraka cha malaria. Haya huyajibu bila kusita. Mteja akienda mbali zaidi, akauliza ugonjwa wake umefikia wapi, humrudisha kwa daktari. Nimekuja kuona kwamba wako sahihi, hasa nilipomshuhudia mama mmoja akiwa amefadhaika kwa kusoma jina la ugonjwa mzito kwenye cheti cha mwanawe, bila kujua kwamba herufi R/O zilizotangulia jina hilo zina maana kuwa daktari anataka kuuondoa ugonjwa huo katika orodha ya anayoyashuku, na kwamba alama ya kuuliza iliyowekwa mbele ya jina ni shaka tu. Mtoa dawa alimweleza mambo hayo mawili, akakomea hapo. Kadhalika NAD kwenye taarifa ya uchunguzi humaanisha kwamba hakuna kasoro iliyoonekana, na wapo wanaoitafuta mtandaoni usiku kucha wakidhani ni jina la maradhi.

Wakati mwingine hata mazoea yetu ya mtaani huwapa kazi. Mtu husema ana "malaria tano" kana kwamba malaria ina madaraja, ilhali tarakimu ile kwenye majibu ya maabara ni idadi ya vimelea vilivyohesabiwa sambamba na chembe nyeupe 200 za damu. Nimemsikia mhudumu akilieleza hilo kwa subira kwa kijana aliyetaka apewe dozi ya malaria mbili tu kwa sababu yake ilikuwa ndogo. Alielezwa kwamba dozi hufuata uzito wa mwili, na akaondoka na pakiti kamili, ingawa kwa uso wa mtu asiyeridhika.

Kwa watoto wachanga na wadogo nina sifa za kutoa na lawama moja. Dawa ya unga ya amoksilini huichanganya hapo hapo kwa maji safi hadi kwenye alama ya chupa, ukiomba, na huandika tarehe ya kuimwaga. Dozi huandikwa kwa mililita, na kwa kuwa vijiko vya chai vya majumbani havilingani, husisitiza kifaa cha kupimia kinachokuja na chupa, ambacho kijiko chake kikijaa ni mililita 5. Kwa zinki ya mtoto anayeharisha hukazia kwamba siku zilizoandikwa zimalizwe hata kama choo kimekuwa kigumu siku ya tatu. Lawama ni kwamba bomba la plastiki la kupimia dawa mdomoni, ambalo ni la lazima mtoto anapoandikiwa kiasi kama mililita 2.5, huuzwa peke yake na mara nyingi huwa limekwisha.

Kasoro inayonikera zaidi inatokana na ile ile sifa yao kuu. Kusoma cheti kwa sauti ni jambo jema kwa anayenunua dawa ya mafua. Kwa mwanamke aliyeandikiwa dawa za maambukizi ya nyonga, au kijana mwenye dawa za ugonjwa wa zinaa, huku foleni ya watu wanne ikipumua mgongoni kwake, ni aibu ya bure. Dirisha ni moja, hakuna kizuizi cha kioo wala kona ya mazungumzo, na sauti ya mhudumu hulazimika kushindana na makonda wa nje. Nimeona wateja wakikatisha maelezo kwa kusema "najua, najua", na ni dhahiri kwamba hawajui, ila wanataka kuondoka. Kiti kimoja pembeni na ubao wa kukinga macho vingetosha, na sioni ni kwa nini famasi iliyomudu mtambo wa lebo ishindwe kununua ubao.

Jioni sana huduma hupungua. Mfamasia huwa ameondoka, anabaki mhudumu mmoja anayepokea fedha, anayetafuta dawa na anayeeleza, na kinachotolewa sadaka kwanza ni maelezo. Tena saa hizo ndipo hukata ukanda wa vidonge kwa mkasi bila kujali kipande kilichobaki kina jina na tarehe ya mwisho wa matumizi au hakina. Nimepewa vidonge sita visivyo na maandishi yoyote ya kiwandani, na bahasha yenye 1x2 tu. Nilivirudisha, nikabadilishiwa bila ubishi.

Ni haki kuilinganisha na duka la dawa muhimu lililo mtaani kwetu, ambalo watu bado huliita duka la dawa baridi kwa jina la zamani. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, na shabaha yake ilikuwa kuwapa wauzaji mafunzo na kuwaruhusu kuuza orodha maalumu ya dawa, zikiwamo baadhi ya zile za cheti, mahali ambapo famasi hazifiki. Dada anayeuza pale hana kompyuta wala lebo. Huandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili kitupu, na kwa asiyejua kusoma huchora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, kisha chini ya kila mchoro huweka vistari vya idadi ya vidonge. Bahasha zake ni bora kuliko lebo za famasi, nasema hivyo bila kusita. Hata hivyo cheti kikiwa na dawa nyingi, au dawa iliyo nje ya orodha yake, yeye mwenyewe hukuelekeza famasi, na kwa mgonjwa kama mama yangu mwenye dawa za kudumu, jicho la mfamasia linahitajika. Ni mfamasia wa famasi hii aliyegundua kwamba vyeti viwili kutoka kliniki mbili vilikuwa na dawa moja kwa majina mawili tofauti ya kibiashara.

Bei zao ziko juu kidogo ya maduka ya Kariakoo, na tofauti hiyo naiona kuwa ni malipo ya maelezo. Cheti hukirudisha kikiwa na muhuri, isipokuwa kwa dawa zinazodhibitiwa ambazo cheti chake hubaki kwao. Anayetaka kuwajaribu aende kabla ya saa 10 jioni wakati mfamasia yupo, aende na dawa zote anazozitumia au angalau pakiti zake, na akishabandikiwa lebo aombe maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili kwa kalamu isiyofutika. Hawakatai, na hawaongezi bei.